Miti Inayofukuzwa Mlangoni

Miongoni mwa maneno yanayotumika kwa uwongo katika ujenzi wa siku hizi, hapana lililozidi neno kusafisha. Mtu aliyepata kiwanja Goba, Madale, Bunju au Kigamboni, pembezoni mwa Dar es Salaam, huambiwa na fundi kwamba kazi ya kwanza ni kukisafisha. Tingatinga huletwa asubuhi, na kabla ya adhuhuri kiwanja huwa kimekwisha kuwa kitupu kama kiganja cha mkono. Mkwaju uliokuwapo kabla ya kuzaliwa babu yake muuzaji huwa umelala chini, mizizi juu. Vichaka vya mtandamboo, vilivyokuwa vikitoa maua meupe yenye harufu na matunda ya watoto, huwa vimesukumwa pembeni vingoje moto. Mwenye kiwanja hutazama, huridhika, kisha hulipa.

Lakini kinachosafishwa ni nini? Chombo husafishwa masizi, nguo husafishwa taka, kidonda husafishwa usaha. Kitu hakisafishwi ila kiwe kimechafuka. Basi neno lenyewe limekwisha kutoa hukumu kabla ya shauri kusikizwa: mti wa nchi ni uchafu wa nchi. Hakimu wa shauri hili ni mtu aliyezaliwa katika nchi hiyo hiyo, akanywa uji wa ukwaju utotoni, na pengine akalala katika kitanda cha mninga. Hukumu yake haina chuki. Ina jambo baya kuliko chuki, nalo ni kutofikiri.

Nyumba ikisha kuezekwa na kupakwa rangi, mwenyewe hutoka kwenda kando ya barabara kuu, mahali miche inapouzwa ndani ya viriba vyeusi, akanunue miti. Hapo ndipo msiba huu unapogeuka kichekesho. Alilipa mara ya kwanza aondolewe kivuli. Sasa analipa mara ya pili apate kivuli. Na tazama anachonunua. Hununua miashoki, akaipanda safu moja ukutani kama askari wa gwaride. Mwashoki asili yake ni kusini ya Bara Hindi na Sri Lanka. Umbo lake ni jembamba, na matawi yake yamening'inia kuelekea chini, hata saa sita ya mchana hauna kivuli cha kumtosha kuku na vifaranga vyake. Tena huko ulikotoka haukubaliwi kuwa ni ashoka wa kweli. Ashoka wa kweli, mti unaotukuzwa na Wahindi, ni mwingine kabisa. Basi mwenye nyumba amefukuza mkwaju wa kweli akaweka ashoka wa uwongo.

Kandokando ya geti hupanda bogenvilia, ua lililochukuliwa Brazili na mabaharia wa Kifaransa katika miaka ya 1760 na kupewa jina la nahodha wao, Louis-Antoine de Bougainville. Katikati huweka mkrismasi, ambao kwao ni Madagaska. Uwanja uliosalia hutandikwa nyasi za kununua kama zulia, au hufunikwa wote kwa vitofali vya saruji ambavyo mafundi huviita pevingi. Kazi hii yote huitwa kupendezesha nyumba. Hapana hata mche mmoja ndani yake ambao ndege wa mahali hapo angeutambua kuwa ni jirani yake wa zamani.

Yafaa kuuliza ladha hii ilitoka wapi, kwa maana watu wa pwani hawakuwa na ladha hii tangu mwanzo. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na baraza mbele na ua nyuma. Baraza ilitazama njia, mahali pa salamu na mazungumzo; ua ulikuwa mahali pa kazi za nyumbani, wenye mti mmoja au miwili ya kivuli, mrehani, na mkadi ikiwa wanawake wa nyumba walipenda kujipamba kwa maua yake. Bustani iliyowekwa mbele ya nyumba ili itazamwe kwa mbali na isikaliwe na mtu ilikuja na utawala wa kigeni. Mji wa Dar es Salaam, kama miji mingi iliyotawaliwa, ulikatwa mapande: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kule Uzunguni, katika mitaa kama Oysterbay, nyumba zilisimama katikati ya viwanja vipana vya nyasi zilizokatwa sawasawa, na mtumishi mmoja alikuwa na kazi ya kuzimwagilia. Nyasi zile zilikuwa tangazo. Zilimwambia mpita njia kwamba mwenye nyumba hii ana ardhi asiyohitaji kuilima, ana maji asiyohitaji kuyanywa, na ana mtu wa kumtumikia.

Bendera ya watawala ilishuka Desemba 1961, lakini amri ya nyasi haikushuka. Nyimbo zilibadilishwa, majina ya barabara yalibadilishwa, mitaala ya shule ilibadilishwa. Uwanja wa mbele haukuguswa. Miaka zaidi ya sitini baadaye, mtu anayejenga nyumba yake ya kwanza kwa jasho na mkopo hudhani anapendezesha, kumbe anajaribu kuingia katika mtaa ambao babu yake aliruhusiwa kuuingia akiwa ameshika fagio au mkasi wa kukatia majani. Wahenga walionya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Hapa mbachao haukuachwa tu. Umechomwa moto, na aliyeuchoma akajivunia moshi.

Aibu huwa nzito zaidi ikitazamwa kutoka nje. Mimea ambayo watu wa Afrika ya Mashariki huiita pori imekuwa fahari ya bustani za watu wengine. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona katika milima ya Usambara, nyuma ya Tanga, kimmea kidogo chenye majani ya manyoya na maua ya zambarau, akakipeleka kwao. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland alikitangaza kwa jina la Saintpaulia, kwa kumheshimu ofisa yule na jamaa yake. Leo kimmea hicho kimo katika madirisha ya nyumba nyingi mno za Ulaya na Marekani, na Wajerumani mpaka sasa hukiita kwa jina linalomaanisha urujuani wa Usambara. Bibi wa Hannover asiyejua Tanga iko wapi hutamka jina la Usambara kila anapomwagilia ua lake. Ni watu wangapi wa Tanga wanaolijua ua hilo?

Kadhalika lipo ua la kivulini linaloota lenyewe kutoka Kenya mpaka Msumbiji, lenye rangi nyekundu, nyeupe na ya waridi. Mwaka 1882 mtaalamu wa Kiingereza, Joseph Hooker, aliliita Impatiens sultani kwa kumheshimu Sultani wa Unguja. Siku hizi hujulikana kwa jina jingine la Kilatini alilolipa mapema zaidi, Impatiens walleriana. Limekuwa mojawapo ya maua yapandwayo sana katika bustani za Wazungu na Wamarekani. Wao waliliona likiwa kandokando ya kijito, wakaliinamia, wakalipa jina la mfalme. Mwenyewe kijito huliona ni majani ya kufyekwa. Husemwa kwamba mcheza kwao hutunzwa. Maua haya yalicheza kwao karne nyingi yasipate hata senti ya tunzo, mpaka yalipocheza ugenini.

Hasara ya pili ni ya lugha, na hii ndiyo inayopasa kuwauma zaidi wale ambao kazi yao ni Kiswahili. Jina la mti si herufi tu. Ni elimu iliyofungwa katika sauti chache: umbo lake, mahali pake, dawa yake, harufu yake, kazi yake. Mtu aliyesema mtondoo alijua mbegu zake hukamuliwa mafuta ya taa. Mtu aliyesema mbambakofi alijua mbao zake hudumu katika milango na vyombo vya bahari, na mtoto wake alijua mbegu zake nyeusi zenye kofia nyekundu. Mtu aliyesema msandarusi alijua utomvu wake, sandarusi, uliochimbwa ardhini na kupelekwa ng'ambo. Katika karne ya 19 sandarusi ya pwani hii ilifika hata Salem, katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, ikatengenezwa vanishi ya kung'arishia samani za matajiri. Leo mwanafunzi wa chuo kikuu akikutana na majina haya katika shairi la kale hukimbilia kamusi, na mara nyingi kamusi humjibu kwa maneno matatu: aina ya mti. Anashukuru, anafunga kamusi, na hajui zaidi ya alivyojua. Anadhani amesoma fasihi ya nchi yake, kumbe amesoma orodha ya marehemu.

Neno lililopoteza kitu chake haliishi muda mrefu. Au hufa, au hunyang'anywa. Mfano wa kunyang'anywa upo, nao ni mkonge. Zamani mkonge lilikuwa jina la mmea wa nyikani wenye majani marefu kama panga, uliotoa nyuzi za kamba. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya katani ya Meksiko kwa njia ya Florida. Katika miche elfu moja, 62 tu ndiyo iliyofika hai. Wageni hao 62 walizaa mashamba yaliyoenea Tanga na Morogoro, wakatwaa hata jina la mwenyeji. Leo ukisema mkonge, kila mtu hufikiri mmea wa Hindorf. Mwenyeji amesalia mkonge mwitu, kana kwamba yeye ndiye aliyepotea njia akaingia nchi isiyo yake. Wako watu Dar es Salaam wanaonunua ndugu za mwenyeji huyo ndani ya vyungu vya kigae, kwa bei ya duka na kwa jina la kigeni, wasijue kwamba mababu walisokota kamba kwa nyuzi za mmea wa ukoo huo huo.

Tazama pia majina ya mahali. Mikocheni palikuwa na mikoche. Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Unguja, palikuwa na mkunazi. Mbuyuni, Mkwajuni, Mivinjeni: pwani nzima imejaa mahali palipopata jina kutokana na mti, kwa sababu mti ulikuwa ndio alama, ndio kituo, ndio mahali pa kukutania. Jamii iliyoita mji wake kwa jina la mti haikuuona mti kuwa uchafu. Na vitongoji vipya vitaitwaje? Kijiji kilichokatwa kila mti wake hakina cha kujiitia ila jina la duka au la kituo cha basi.

Wako wasiojali maua wala maneno, nao huulizia fedha. Basi na waulizwe kwa hesabu. Milimita moja ya maji juu ya mita mraba moja ni lita moja. Nyasi zilizotandikwa katika jua la pwani hupoteza kiasi cha milimita 4 au 5 kwa siku. Uwanja wa mita 10 kwa 10 basi utahitaji lita 400 mpaka 500 kila siku ya kiangazi ili ubaki kijani, yaani ndoo 20 mpaka 25 za lita 20. Hayo ni maji ya kunywa, kupikia na kuogea ya nyumba kadhaa. Mwishoni mwa mwaka 2022 mto Ruvu ulipungua kwa ukame, na maji ya Dar es Salaam yakagawiwa kwa zamu. Akina mama walibeba madumu kwenye foleni, na nyuma ya kuta fulani mpira wa kumwagilia ulikuwa ukitiririka. Mti wa mwenyeji haudai hayo. Ukisha kushika mizizi katika masika moja au mbili, hujua kungoja vuli, maana umengoja hivyo tangu kabla ya watu kujenga hapo.

Wale waliotandaza saruji hudhani wameepukana na hesabu hiyo, kumbe wameingia katika hesabu nyingine. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya mita mraba 200 za saruji huacha lita 10,000 za maji. Ardhi yenye mizizi na majani makavu ingeyanywa mengi yake. Saruji huyasukuma nje ya geti, yakaungana na ya jirani, na ya jirani wa jirani, yakateremka bondeni. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao arobaini katika jiji la Dar es Salaam na kuwahamisha maelfu, wengi wao wakiwa wakazi wa bonde la Msimbazi. Hapana kitofali kimoja kinachoweza kushtakiwa kwa vifo vile. Lakini bonde hujazwa na viwanja vya juu, na mtu aliyeziba ardhi yake kilimani asijitie kushangaa akisikia kilio cha mtu wa chini.

Watetezi wa kusafisha wana hoja zao, na ni haki zisikilizwe moja moja.

Hoja ya kwanza ni nyoka na mbu. Husemwa kwamba kichaka mbele ya nyumba huleta vyote viwili. Nyoka hufuata panya, na panya hufuata mabaki ya chakula na marundo ya taka. Nyumba yenye jaa nyuma ya jiko itapata nyoka hata ikiwa mbele yake pana saruji tupu. Kichaka kilichopunguzwa matawi ya chini na kufagiliwa huonekana mpaka shinani. Kuhusu mbu, jibu ni la kuaibisha zaidi. Mbu waletao homa ya dengi, iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, huzaliana katika maji yaliyotuama ndani ya makopo, matairi na visahani vya vyungu vya maua. Anayemwogopa mbu huyo na aanze na vyungu vyake vya ugenini vilivyopangwa ngazini kabla hajaunyoshea kidole mti wa mwenyeji.

Hoja ya pili ni mashetani. Ati mbuyu una wenyewe, na mkwaju hukaliwa. Imani hii si ya kuchekwa, kwa sababu ndiyo iliyolinda miti mingi kuliko sheria. Misitu ya kaya za Wamijikenda, katika pwani ya Kenya, ilisalia kwa sababu ya heshima na miiko, na mwaka 2008 iliandikwa katika Urithi wa Dunia. Lakini tazama jinsi mjini imani ilivyogeuzwa. Wazee waliamini mti una wenyewe, basi wakauacha. Vijana wao huamini mti una wenyewe, basi wakauita msumeno. Imani ni ile ile, adabu ndiyo iliyopotea.

Hoja ya tatu ni kwamba miti ya nchi hukua polepole. Kwa mpingo ni kweli: humchukua mpasua mbao zaidi ya miaka sabini kupata gogo la kufaa. Lakini mwenye nyumba hatafuti gogo, wala hatengenezi zumari. Anatafuta kivuli, ua na ndege. Mshubiri hutoa maua baada ya muda si mrefu, na ndege chozi huyafuata bila ya kualikwa. Mtandamboo hufunga ua wa miiba ambao mwizi huufikiria mara mbili. Na hata mti wa polepole una haki yake. Mbuyu ulianza kama mchicha, na aliyejenga nyumba ili wajukuu wairithi hawezi kusema kwamba hana subira ya kuwarithisha kivuli.

Hoja ya nne ndiyo yenye nguvu. Husemwa kwamba pwani hii siku zote imepokea wageni. Mwembe ulitoka Bara Hindi, mkarafuu ulitoka visiwa vya Maluku, mwarobaini ulitoka Asia, na Kiswahili chenyewe kimejaa maneno yaliyovuka bahari. Nani leo atathubutu kuung'oa mwembe kwa kuwa si mwenyeji? Hasha, hapana aombaye jambo hilo. Sheria ya wageni inajulikana: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwembe ulishika jembe. Unalisha watoto, unatoa kivuli kipana, na mikutano ya vijiji imekaa chini yake. Mkarafuu ulishika jembe mpaka ukailisha Unguja na Pemba. Bogenvilia moja penye geti haitaangamiza nchi. Kosa si kumkaribisha mgeni. Kosa ni kumtoa mwenyeji kitandani, kumchoma nyuma ya nyumba, kisha kumpa mgeni asiyefanya kazi chumba cha mbele.

Tena si kila mgeni atosheka na chumba. Magugu maji, yaliyoanza kuonekana katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, kwao ni Amerika ya Kusini, na yalitembezwa duniani kwa sababu ya uzuri wa ua lake, kuwa pambo la madimbwi ya bustani. Wavuvi wa Mwanza, Kisumu na Entebbe walilipia pambo hilo kwa mitumbwi iliyozingirwa na bandari zilizozibwa. Aliyepanda hakukusudia ubaya. Alitaka tu bustani ipendeze.

Ni lazima pia kueleza mwenyeji ni nani, ili hoja hii isigeuzwe kuwa wimbo wa bendera. Mwenyeji wa mahali si mwenyeji wa taifa. Msizi ni mti wa asili wa upande wa magharibi ya Ziwa Viktoria, katika Bukoba na Uganda. Ulipopandwa Amani, katika Usambara ya Mashariki, ulienea ndani ya msitu uliokatwa ukawasonga wenyeji wa pale, ingawa una haki zote za uraia wa Tanzania. Kinyume chake, mkwaju wa Tanga na mkwaju wa Mombasa ni ndugu, wala mpaka hauwatengi. Kwa hiyo anayejenga Arusha asiige orodha ya Dar es Salaam, na anayejenga Dar es Salaam asibebe mti wa mlimani kwa kuwa ni wa Kitanzania. Na atazame kilima, mchanga na majirani zake. Vilima vya Pugu, karibu kabisa na jiji, vina msitu wa kale ambao mmea wake mmoja wataalamu wameuita kwa jina la mahali hapo, Baphia puguensis. Jina la Pugu limeandikwa katika vitabu vya dunia, na kilomita chache kutoka hapo watu hununua miashoki.

Kinachotakiwa si kikubwa. Kabla ya tingatinga kuitwa, mwenye kiwanja amwendee mzee wa mtaa ule, Mzaramo au mwingine aliyekulia pale, amwamkie shikamoo, atembee naye kiwanjani, na aulize jina la kila mti. Kitambaa kifungwe katika ile itakayobaki. Ramani ya nyumba inaweza kusogea mita tatu. Mti wa miaka mia hauwezi. Mkwaju, mvule na mbuyu haifai iwe karibu na msingi, bali mbali nao, si chini ya mita kumi. Kiwanja kidogo kisichoweza hayo na kichague vya kimo chake: mkadi, mtandamboo, mshubiri, mkonge ule wa kale. Miche ipandwe mwanzo wa masika, ili mvua ifanye kazi ya mpira. Majani makavu yaachwe chini ya shina yawe mbolea, yasichomwe kila Jumamosi kwa jina la usafi. Na muuza miche kando ya barabara aulizwe mbambakofi. Mara ya kwanza atacheka, mara ya tano atautafuta, mara ya ishirini atauotesha. Maana soko la miche, kama soko la samaki, huleta kile ambacho vinywa vya wanunuzi hutaja.

Kazi hii ina haraka. Misitu ya pwani haiishi kwa amri moja ya serikali ambayo watu wangeweza kuipinga kwa maandamano. Inakwisha kiwanja kwa kiwanja, Jumamosi kwa Jumamosi, kila mtu akiwa na hati yake halali na fundi wake mwaminifu. Hapana adui wa kumlaumu, hapana meli ya wakoloni bandarini. Yupo mwananchi mmoja mwenye ufunguo wa nyumba mpya, amesimama mbele ya mkwaju, na dereva wa tingatinga anamngoja aseme neno. Mara hii asiseme kusafisha.